Kitabu cha Haki na Kijana Asiyeweza Kukisoma

Barabara kuu itokayo Nyakanazi hupita Lusahunga, ikashika njia ya Ngara mpaka Rusumo kwenye daraja la mpakani. Usiku na mchana malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi hupishana humo. Msafiri aliye ndani ya gari huona migomba, mihogo, ng'ombe na vilima, akadhani ameiona nchi. Lakini mbali na lami, katika Nemba na vijiji vingine vya wilaya za Biharamulo na Ngara, yako maisha yasiyoonekana kwa dirisha la gari. Na katika maisha hayo wamo vijana wasioona, vijana viziwi, vijana wenye ualbino, vijana wasioweza kutembea, na vijana ambao akili zao huenda polepole kuliko za wenzao. Habari yetu ya leo ni yao.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa namna fulani. Maana yake ni kwamba katika kila watu tisa yupo mmoja. Basi, ndugu msomaji, ukiitisha mkutano wa kijiji wakaja watu tisini, ungetazamia kuwaona kiasi cha kumi miongoni mwao. Ukikuta hawapo, usiseme kijijini kwako hakuna watu wa namna hiyo. Uliza ni kitu gani kimewazuia kuja. Na ikiwa walikuja, uliza walipata nini.

Siku hizi semina za kuwafundisha vijana kutetea haki zao zimekuwa nyingi. Huletwa na halmashauri, na mashirika, na makanisa, na misikiti, na vyama vya siasa. Kijana hufundishwa jinsi ya kusimama mbele ya mkutano wa kijiji, jinsi ya kumwandikia diwani, jinsi ya kuuliza mapato na matumizi, jinsi ya kudai kiti katika kamati inayoamua mambo yake. Hili ni jambo jema, nasi twaliunga mkono. Na kila semina huwa na kabrasha lake, lililochapwa vizuri kwa rangi, aghalabu jaladani likiwa na picha ya kijana aliyeketi katika kiti cha magurudumu au aliyeshika fimbo nyeupe, akitabasamu.

Sasa tumfikirie kijana mmoja wa Nemba, asiyeona, aliyealikwa katika semina kama hiyo. Anakabidhiwa kabrasha. Analipokea kwa mikono miwili kama adabu ya kwao inavyotaka, analikunja, analitia mkobani. Mkufunzi anasema, "Tufungue ukurasa wa 12," na wengine wote wanafungua. Jioni analipeleka nyumbani, na kabla ya juma kwisha mdogo wake amelikata kujaladia daftari la hesabu. Jina la kijana lipo katika orodha ya mahudhurio, na taarifa itakayopelekwa juu itasema kwamba watu wenye ulemavu walishiriki. Hesabu imetimia, mafunzo hayakufika. Na la kuhuzunisha zaidi ni kwamba ule ukurasa wa 12 ndio uliokuwa ukieleza kwamba kila mtu anayo haki ya kupata habari.

Kwa sheria hatuna upungufu. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwezi Desemba 2006, na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Mwaka uliofuata Bunge letu likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010. Mkataba ule, unapoeleza maana ya mawasiliano, hautaji karatasi ya kawaida peke yake. Unataja nukta nundu, maandishi makubwa, sauti, lugha ya alama, na lugha nyepesi. Mwenye kuandaa mafunzo ya haki kwa karatasi ya kawaida tu, kisha akawaalika vijana wa kila namna, anaufundisha mkataba huku akiuvunja.

FEDHA, NA UHAI WENYEWE

Huenda msomaji akaona tunakuza jambo dogo la karatasi. Natutazame basi ndani ya karatasi zenyewe mna nini.

Mna habari ya fedha. Tangu mwaka 2018 sheria inaziagiza halmashauri zote kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa ili utaratibu wake urekebishwe, na mwaka 2024 ikarejeshwa. Mabadiliko ya namna hiyo hutangazwa kwa karatasi inayobandikwa ubaoni na kwa maneno yanayosemwa mkutanoni. Asiyeona haoni ubao, na kiziwi hasikii mkutano. Kila mmoja hungoja mtu wa kumwambia, na mwenye kungoja kuambiwa huambiwa mwisho, fomu zikiwa zimekwisha rudishwa. Kisha husemwa kwamba watu wenye ulemavu hawajitokezi kuchukua fedha zao! Kijana wa Nemba anayetaka kufuga kuku au kufungua kibanda cha kushona viatu hana haja ya kuonewa huruma. Ana haja ya kujua siku ya mwisho ya fomu.

Mna pia habari ya uhai. Mwezi Mei 2024, wilayani Muleba katika mkoa huu huu wa Kagera, mtoto wa kike wa umri wa miaka miwili, mwenye ualbino, alinyakuliwa nyumbani kwao usiku. Mwezi Juni akapatikana ameuawa, na mwili wake umekatwa viungo. Taifa zima lilitetemeka, hasa kwa kuwa wengi walikwisha kuamini kwamba mauaji yale yaliyoitia aibu Kanda ya Ziwa tangu mwaka 2006 yamekwisha kukoma. Muleba ni jirani ya Biharamulo. Kijana mwenye ualbino aliyeko Nemba anahitaji kujua amwendee nani akitishwa, ni namba gani ya simu apige, kamati ya kijiji ina wajibu gani kwake, na mwenyekiti akipuuza aende wapi. Mambo haya huandikwa katika makabrasha ya utetezi. Lakini watu wenye ualbino karibu wote wana uoni hafifu, na macho yao huumizwa na mwanga mkali. Kabrasha lililochapwa kwa herufi ndogo, juu ya karatasi inayong'aa kama kioo, na maneno yamepitishwa juu ya picha, laweza kuwa zuri mezani kwa mfadhili. Kwa kijana huyu ni ukungu mtupu.

Na mna habari ya sauti katika mabaraza. Sheria ile ya mwaka 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu, kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Kijana asiyejua kwamba kamati ipo hawezi kuuliza mbona haijakutana.

TULIKWISHA KUFANYA MAKUBWA KULIKO HAYA

Wako wasemao kwamba kutengeneza vitabu vya nukta nundu, na sauti, na picha za lugha ya alama ni mambo ya nchi tajiri, na kwamba sisi tungoje kwanza barabara na maji. Tunawaomba wakumbuke historia ya mkoa wao wenyewe.

Mwaka 1968, wakati mkoa wa Kagera ulipokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, Serikali ikisaidiwa na UNESCO ilianzisha mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi. Makao yake yalikuwa Mwanza. Kulikuwa na maelfu na maelfu ya watu wazima ambao karatasi kwao ilikuwa kama ukuta. Wale waliokabidhiwa kazi hawakusema, "Watu hawa hawawezi kusoma, basi tuwaache." Walitunga vitabu vipya tangu neno la kwanza. Mkulima wa pamba alifundishwa kusoma kwa maneno ya pamba, wa migomba kwa maneno ya migomba, na mvuvi kwa maneno ya nyavu na samaki. Kitabu kilitoka mahali msomaji alipo.

Ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchini kote, wakasikiliza Radio Tanzania, wakasomewa kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Asiyejua kusoma alisikia. Asiyesikia vizuri redio alielezwa na kiongozi wa kikundi. Mafunzo yaleyale yalimfikia mtu kwa njia tatu, na kila njia iliziba upungufu wa nyingine.

Hatusemi kampeni ile ilimfikia kila mtu. Redio haimsaidii kiziwi hata kidogo, na yamkini wako waliobaki nyumbani wakati kijiji kizima kilipokuwa chini ya mwembe. Twasema tu kwamba nchi iliyofanya vile, wakati haina simu vijijini wala umeme, haiwezi leo kudai kwamba vijana kumi wa kata moja wameishinda.

KAZI YENYEWE INAVYOKWENDA

Tuanze na asiyeona. Maandishi ya nukta nundu yalibuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka akiwa mtoto, naye aliyatangaza mwaka 1829. Herufi zote hutokana na nukta sita. Kiswahili kina bahati, kwa kuwa hakina herufi zenye vikorombwezo juu yake, hivyo alfabeti yetu huingia katika nukta hizo bila taabu. Taabu iko katika karatasi. Inatakiwa karatasi nene, na ukurasa mmoja wa kawaida huzaa kurasa mbili au tatu za nukta nundu, hata kabrasha jembamba likawa furushi. Tena furushi hilo halilazwi chini ya mizigo, maana nukta zikikandamizwa hubonyea na kidole hakizipati tena. Kulisafirisha kutoka Dar es Salaam hadi Biharamulo, zaidi ya kilomita 1,000, katika buti ya basi chini ya magunia, ni kulipeleka likiwa limekwisha kufutika.

Kwa hiyo ni heri kazi ifanyike karibu. Huko Mugeza, Bukoba, ziko shule ambazo kwa miaka mingi zimewasomesha watoto wasioona, wenye ualbino na viziwi wa mkoa huu. Wanafunzi wao hurudi vijijini wakiwa na elimu ya nukta nundu vidoleni, na wengi wakifika nyumbani hawapati tena hata ukurasa mmoja wa kusoma. Hapo ndipo wakufunzi wangeanzia. Kijana wa namna hiyo akipewa kibao na msumari wa kutobolea, au mashine ya Perkins ikipatikana, aweza kuandika muhtasari wa mafunzo kwa ajili ya wenzake. Kazi hii ya kibao ni ya ustadi: mwandishi hutoboa upande wa nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, ili karatasi ikigeuzwa isomeke sawasawa. Mwenye ustadi huo anastahili kulipwa kama anavyolipwa mpiga chapa. Asiitwe mfadhiliwa.

Lakini tusidhani kila asiyeona anajua nukta nundu. Aliyepoteza macho akiwa na miaka ishirini, kwa ugonjwa au ajali, huenda hakuigusa kamwe. Huyu ahitaji sauti, na katika jambo la sauti Ngara ina urithi wake. Mwaka 1994, mwezi Aprili, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakikimbia mauaji, na kambi ya Benaco ikageuka mji. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Radio Kwizera, ili wakimbizi na wenyeji wapate habari za kuaminika. Kambi zilifungwa, redio ikabaki. Watu wa Ngara na Biharamulo wanajua tangu wakati ule kwamba sauti yaweza kuokoa mtu.

Tena siku hizi si lazima kungoja zamu ya redio. Mafunzo yakisomwa na kurekodiwa, huingia katika memori kadi ndogo kuliko ukucha, nayo hutiwa katika zile simu ndogo ambazo vijana huziita vitochi, au katika redio za kadi zinazouzwa magulioni. Liko sharti moja: msomaji asome kwa utulivu, aigawe habari katika vipande vifupi, kila kipande kikianza kwa kutaja jina lake, ili msikilizaji aweze kurudia anachokitaka. Na palipo na picha, picha ielezwe. Mkufunzi anayesema "kama mnavyoona katika mchoro huu" amemfungia mtu mlango.

Kwa mwenye uoni hafifu kazi ni rahisi mno, hata twashangaa kwa nini haifanyiki. Herufi zikuzwe hadi kipimo cha 18 au zaidi, wino uwe mweusi, karatasi isiyong'aa, mistari isibanane. Kompyuta yoyote ya ofisi ya kata yafanya hivyo kwa dakika moja. Na aketishwe kivulini, mbali na dirisha la jua.

Kiziwi ndiye anayekosewa zaidi, kwa sababu watu hudhani kwamba akipewa karatasi imekwisha. Sivyo. Lugha ya alama ni lugha kamili yenye mpangilio wake. Haifuati Kiswahili neno kwa neno. Shule ya kwanza ya viziwi nchini, ya Tabora, ilifunguliwa mwaka 1963, na shule za namna hiyo hazijawa nyingi hata leo. Kijana kiziwi aliyekulia kijijini bila kwenda shule huwa na ishara za nyumbani kwao tu, zinazoeleweka kwa mama yake na ndugu zake. Aliyesoma naye, Kiswahili cha maandishi kwake ni lugha ya pili. Kwa hiyo kabrasha la kurasa 40 halimfai wala yule wala huyu. Lifaalo ni video fupi ya mtu anayeeleza kwa lugha ya alama, michezo ya kuigiza, michoro, na mkalimani aliyepewa mafunzo hayo siku kadhaa kabla. Hilo la siku kadhaa twalitilia mkazo. Maneno kama bajeti, ruzuku, rufani na diwani huenda vijana wenyewe hawajakubaliana alama zake. Yafaa waketi na mkalimani wakubaliane kabla semina haijaanza. Mkalimani akipewa kabrasha asubuhi mlangoni, atakisia, na kijana atajifunza makisio. Wala mkalimani mmoja hawezi kufanya kazi kutwa. Baada ya nusu saa mikono na akili huchoka, hivyo wahitajika wawili wa kupokezana.

Habari za ukumbi tutazipita upesi, maana kila mtu azijua hata kama hazitendi. Ofisi yenye ngazi nne na choo chenye mlango mwembamba haiwezi kuwa mahali pa semina ya watu wenye viti vya magurudumu. Na mwenye kupanga semina ya Nemba katika masika, njia zikiwa matope, asishangae baiskeli ya magurudumu matatu ikikwama njiani na mwenyewe akarudi nyumbani.

NENO JUU YA MANENO

Mafunzo haya sasa huitwa mafunzo ya "uchechemuzi". Waliolibuni neno hilo walikusudia kuchechemua, yaani kuamsha na kuchochea watu. Lakini mwananchi wa kawaida husikia kuchechemea, ambako ni kutembea kwa mguu mbovu. Mwambie kijana aliyepooza mguu kwamba amealikwa kwenye mafunzo ya uchechemuzi, kisha mtazame usoni. Sisi twalipenda neno la zamani, utetezi, ambalo hata bibi wa Nyakahura alijua.

Na huo ndio mwanzo tu. Humo ndani mna sentensi kama hii: "Washiriki wajengewe uwezo wa kubaini wadau muhimu katika mchakato shirikishi wa upangaji wa bajeti." Ni Kiswahili, lakini ni Kiswahili kilichovaa koti zito katika jua. Mtu angeweza kusema: "Jueni ni nani hupanga matumizi ya fedha za kijiji. Jueni hukutana lini. Nendeni siku hiyo." Maana ni ileile. Kijana ambaye akili yake huenda polepole ataishika, na mama yake ambaye nyumbani husema Kisubi au Kihangaza ataishika, na mwenyekiti wa kitongoji pia, ingawa hatakiri kwamba ile ya kwanza ilimpita kichwani.

Wenye kuandika kwa ajili ya vijana wenye ulemavu wa akili wamejifunza kanuni chache: jambo moja katika sentensi moja, picha kando ya jambo, neno lilelile kwa kitu kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini kijana wa miaka 24 si mtoto. Asichorewe vikatuni vya chekechea. Na kipimo cha kazi ni kumpa yeye aisome au asomewe, halafu umwombe aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Asipoweza kueleza, kosa ni la karatasi, iandikwe tena.

MAJIRANI NA SISI

Majirani zetu wametangulia katika mambo mengine, na si aibu kuwatazama. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka nchi kuikuza lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, na watu wenye ulemavu wana viti vyao bungeni na katika mabaraza ya mitaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya alama ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Katiba yetu ya mwaka 1977 haikuligusa jambo hilo. Hata hivyo twaonya kwamba kiti bungeni hakimfikishii kijana wa kijijini kabrasha linalosomeka. Hilo hutengenezwa na mtu aliye karibu naye, au halitengenezwi.

Na watu wa kulitengeneza wapo. Chama cha Wasioona kiliundwa mwaka 1964; Chama cha Viziwi, CHAVITA, katika miaka ya 1980; chama cha watu wenye ualbino mwaka 1978; na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vyote hivyo, tangu mwaka 1992. Makosa ya siku zote ni kuwaita wakati kabrasha limekwisha kuchapwa, ili wapige picha nalo. Waitwe siku ya kwanza, wakati karatasi bado ni nyeupe. Kijana asiyeona akiwa mezani tangu mwanzo, hakuna mtu atakayeandika "tazama mchoro namba 3" bila kuguswa begani. Kiziwi akiwapo, video itapangwa kabla fedha hazijakwisha. Nao walipwe posho sawa na wakufunzi wengine, kwa kuwa wafanyalo ni kazi.

Tukifika kwenye fedha, hoja isikikayo mara nyingi ni kwamba gharama ni kubwa. Ni kubwa kwa mwenye kuikumbuka mwisho. Kabrasha la watu 40 likichapwa lote kwa rangi, kisha ikagunduliwa kwamba washiriki sita hawawezi kulisoma, hakika fedha za kurudia zitakosekana. Lakini anayewauliza washiriki juma mbili kabla, kila mmoja anataka mafunzo kwa namna gani, huenda akachapa nakala 30 za kawaida bila rangi, 4 za herufi kubwa, 2 za nukta nundu, na kutia sauti katika kadi chache, akabakiwa na fedha ya wakalimani wawili. Fomu ya mwaliko yenye swali moja tu, "Wataka mafunzo haya kwa njia gani?", haigharimu kitu. Na kwa asiyeweza kuijaza fomu, mtendaji wa kijiji au mjumbe wa kamati aende nyumbani kwake amwulize.

Ndugu makatibu wa matawi na kata, watendaji wa vijiji, walimu, na ninyi wafanyakazi wa halmashauri mnaosoma ukurasa huu: mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mipango yake huanza miezi mingi kabla, katika mkutano wa kijiji, ikapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ikafika Baraza la Madiwani. Karatasi nene, kadi za sauti na malipo ya mkalimani visipoandikwa katika hatua ya kwanza, huko juu hakuna atakayeviongeza. Katika Nemba, kamati ya watu wenye ulemavu iulizwe sasa ina wajumbe wangapi walio vijana, na ni wangapi kati yao walioweza kuzisoma wenyewe kumbukumbu za mkutano uliopita. Jibu liandikwe katika muhtasari, na muhtasari huo usomwe kwa sauti, ukafasiriwe kwa alama, kabla mkutano haujafungwa.